Tone Jekundu Lililofika Birongo

Mwalimu wetu wa sanaa aliondoka katikati ya muhula akiwa amelazwa nyuma ya gari, amefunikwa mablanketi na bado anatetemeka. Alikuwa kijana kutoka ng'ambo, amekuja kujitolea, na malaria aliyoiokota ziwani alikokwenda kuogelea haikutaka kumwacha. Hakurudi tena. Alituachia makopo ya rangi yaliyobaki nusu, brashi zilizokauka kama mikia ya panya, na picha walizochora wasichana wa kidato cha tatu juu ya mbao nyembamba, zikiwa zimeegemezwa ukutani katika stoo ya chakula, kati ya magunia ya mahindi na maharagwe.

Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, kwenye milima ya upande wa Nyamira, miaka michache baada ya Uhuru. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, kijana bado, sijaolewa. Nilizaliwa Kisii mjini, katika nyumba za Waislamu karibu na soko. Kwetu tulisema Kiswahili, na Ekegusii nilijifunza kwa watoto wa jirani na kwa akina mama waliotuletea ndizi. Pale shuleni jambo hilo lilinifanya mtu wa ajabu kidogo. Wasichana walisema Ekegusii bwenini, Kiingereza mbele ya walimu, na Kiswahili katika kipindi changu tu, tena kwa tahadhari, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Asubuhi moja mwalimu mkuu aliniita stoo. Wote tulimwita Madam. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kusikika mabweni yote bila kupiga kelele. Nilimkuta amesimama mbele ya zile picha, mikono nyuma.

"Wamechora nini hawa?" akaniuliza.

"Sijui, Madam."

"Wewe si mwalimu wa Kiswahili?"

Nikakubali kwamba ni mimi.

"Siku ya Wazazi inakaribia. Afisa mpya wa elimu atakuja, na ni mtu wa pwani. Nimekwisha mwambia kwamba tutakuwa na maonyesho ya sanaa. Kila msichana atasimama kando ya picha yake na kuieleza kwa Kiswahili, afisa aelewe na wazazi waelewe. Utawafundisha."

"Niwafundishe kueleza nini, Madam?"

Alizitazama tena zile picha, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa ukuta. "Hicho walichochora," akasema, akatoka.

Nikawaita wasichana. Niliwauliza yule mwalimu aliwapa mada gani. Wakatazamana. Msichana mmoja mrefu kutoka Suneka ndiye aliyejibu.

"Alisema tusichore kitu."

"Msichore kitu gani?"

"Kitu chochote, Mwalimu. Mtu akianza kuchora nyumba, anaambiwa afute. Mimi nilichora kuku, akasema ni kuku mzuri sana, lakini nianze tena."

Jumapili ile nilishuka mjini nikamuuliza ami yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyesifika kwa maneno, picha isiyo ya kitu chochote huitwaje. Aliikoroga chai yake mpaka ikapoa. Halafu akasema, "Labda dhahania." Nikalibeba neno hilo hadi shuleni kama mtu aliyepewa dawa na mganga. Niliwaambia wasichana: picha zenu ni za dhahania. Mmoja akainua mkono akauliza kama inaambukiza.

Basi nikaliweka neno pembeni, nikatunga maswali matatu. Ulianza wapi? Ukafanya nini? Ulijuaje kwamba umemaliza? Niliona kwamba kama hatuwezi kusema picha ni ya nini, tunaweza angalau kusema ilivyofanyika. Mgeni akisimuliwa kazi, hata kama haielewi, huiheshimu.

Yule wa Suneka akasimama wima kando ya picha yake, duara kubwa la rangi ya machungwa. "Nilianza hapa katikati. Nikazungusha. Nikazungusha tena. Nilijua nimemaliza wakati kengele ya chakula ililia."

"Usiseme kengele."

"Lakini ndiyo ilinimalizia, Mwalimu."

Wa pili alisema alitumia bluu mpaka ikaisha, kisha akatumia kijani kwa sababu nyekundu ilikuwa imeshikwa na wakubwa. Wa tatu alisema alichora kwa hasira. Nikafurahi, nikadhani sasa tumefika kwenye roho ya sanaa. Nikamuuliza hasira ya nini.

"Ya huyu," akasema, akimwonyesha mwenzake kwa kidole. "Alikalia brashi yangu."

Picha kubwa kuliko zote, kubwa karibu kama mlango, ilikuwa ya msichana wa Birongo. Alikuwa mtoto mkimya, ambaye walimu walimkumbuka wakati wa kusahihisha madaftari tu. Picha yake ilikuwa kijani tupu, kijani cha aina nyingi, na katikati mstari mwekundu mnene ulioteremka kwa kupindapinda kutoka juu hadi chini. Mahali fulani mstari ulizunguka bonge jeusi. Upande mmoja kulikuwa na vidoadoa vyeupe.

"Nilianza kupaka kijani," alisema, akiangalia viatu vyake. "Halafu mvua ikakuja ghafla juu ya mabati. Nikashtuka. Brashi ya nyekundu ikadondosha tone, tone likaanza kuteremka. Nikataka kulifuta. Mwalimu akasema, liache, lifuate. Nikalifuata."

"Na huu weusi?"

"Hapo tone lilisimama. Sikujua linataka kwenda wapi. Nikaweka weusi, likapita kando."

"Na hivi vyeupe?"

"Chokaa ya dari. Ilianguka juu ya rangi ikakaukia hapo."

Nilimwambia aseme hivyo hivyo, asiongeze neno.

Siku ya mazoezi ya mwisho Madam akaja kusikiliza. Alisikiliza wote, na kadiri walivyoendelea ndivyo uso wake ulivyozidi kufanana na wa mtu anayesubiri jino ling'olewe. Walipomaliza alinivuta kando.

"Mwalimu, mzazi ametembea tangu alfajiri, matope mpaka magotini, aje aambiwe kwamba kengele ililia?"

"Ndio ukweli, Madam."

"Ukweli si funzo. Kila picha iwe na maana moja na funzo moja." Akaanza kupita mbele ya picha akizigawia maana kama anayegawa sabuni. "Hii ni Umoja. Hii ni Kilimo Bora. Hii ni Usafi. Hii pia Kilimo Bora." Mbele ya duara la machungwa alisita, kisha akasema, "Madhara ya Pombe." Msichana wa Suneka, binti wa mzee wa kanisa, akaangua kilio. Ile ya Birongo iliitwa Amani.

Kwa hiyo wasichana wakawa na majibu mawili, la Madam na la kweli. Niliwaambia waanze na la Madam, na mgeni akiendelea kusimama, wampe na la pili.

Siku yenyewe ilinyesha kuanzia asubuhi. Tulizitundika picha katika ukumbi wa kulia, uliooshwa mara kadhaa na bado unanuka kabichi. Wazazi waliingia na makoti yaliyolowa, wanaume wakavua kofia mlangoni kana kwamba ni kanisani. Kisha wakasimama mbele ya picha, wakisogea taratibu kwa mstari, kama watu wanaomuaga marehemu.

Afisa wa elimu alitoa hotuba fupi. Kiswahili chake cha pwani kilikwenda mbio mno kwa masikio ya kule, na wazee wengi wakadhani ni Kiingereza, wakampigia makofi kwa heshima. Msichana mmoja alipopewa nafasi alisema, "Rangi hii ya kahawia ni baba akirudi kutoka shambani amechoka." Akina mama wote wakaguna kwa huruma, wengine wakafuta macho, kwa sababu kwa Ekegusii neno baba maana yake ni mama, na baba mzazi huitwa tata. Mama yake akasogea mbele akamkumbatia. Baba yake, aliyejua Kiswahili cha mashamba ya chai ya Kericho, akasema kwa sauti kwamba aliyechorwa hapo ni yeye. Mkewe akamuuliza tangu lini yeye anarudi kutoka shambani amechoka.

Mimi nilizunguka nikijaribu kusaidia. Mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza picha isiyokuwa ya kitu inawezekanaje. Nikaona nafasi yangu. Nikamwonyesha kitenge alichojifunga mkewe. "Hata hilo vazi, mzee. Hayo mapambo si ya kitu chochote, na bado yanapendeza."

Bila shaka aliishi na kitenge kile miaka mingi bila kukitilia shaka. Sasa aliinama akakichunguza kuanzia pindo kwenda juu.

"Hii ni nini?" akamuuliza mkewe.

"Nitajuaje? Nilikipata sokoni."

"Unakivaa mpaka kanisani, na hujui ni nini?"

Akina mama waliokuwa karibu wakaanza kujitazama. Mmoja alivua sweta akajifunga kiunoni kufunika mapambo yake. Baada ya muda mfupi upande mzima wa ukumbi ulikuwa umejifunga masweta. Nikaamua kutosaidia tena.

Ndipo nikasikia sauti zikipanda mbele ya picha ya Amani.

Baba wa msichana wa Birongo alikuwa mtu mwembamba mwenye koti refu la mvua. Mbele yake alisimama mwanamume mnene, jirani yake wa huko huko Birongo, ambaye binti yake alikuwa kidato cha kwanza hapo shuleni. Mwaka ule upimaji wa mashamba ulikuwa umefika kwao, kila mtu aandikishiwe kipande chake, na hawa wawili walikuwa wakigombania mpaka wa mashamba yao kiasi kwamba kamati ya wazee ilikuwa imekwisha kata tamaa. Sikuyajua hayo. Niliyajua pale, kwa kuwa waliyasema wote wawili kwa wakati mmoja.

"Huu ndio mpaka!" jirani alisema, kidole chake kikifuata mstari mwekundu. "Unateremka hivi, unapinda kwenye kichuguu, hiki hapa cheusi. Na hii nyeupe ni pareto yangu, imetoa maua. Binti yako wa kumzaa amechora pareto yangu upande wangu!"

Nilidhani baba atasema kwamba picha si shamba. Hakusema. Aliinamisha kichwa mpaka sikio likagusa bega, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Imetundikwa juu chini," akasema. "Igeuzeni."

Wanaume wakaitoa kwenye misumari wakaigeuza. Vidoadoa vyeupe vikahamia upande wa pili.

"Mnaona? Pareto imekuja kwangu."

"Pareto haihami!"

Wakamgeukia msichana. Alikuwa amebanwa ukutani, mikono ameikunja mbele kama nilivyomfundisha. "Picha hii inaitwa Amani," akaanza. "Inatufunza kuishi vizuri na majirani." Alipoona bado wamesimama, akawapa la pili. "Ni tone, tata. Lilidondoka."

"Lilidondokea wapi?" ikauliza sauti nyingine.

Huyo alikuwa chifu wao, aliyekuja kama mzazi na sasa akawa chifu. Akawasogeza watu akaitazama picha kwa macho ya mtu aliyepata ng'ombe aliyepotea. "Mtoto huyu anakaa bweni," akawaambia watu. "Hajui maneno ya watu wazima. Mkono wake umechora kile macho yake yaliona. Sisi tunakaa kwenye mvua bila ushahidi, kumbe ushahidi umelala hapa na maharagwe."

"Chifu," nikasema, "picha hii ni ya dhahania."

Akaangaza macho ukumbini. "Dhahania ni nani? Asogee mbele."

Nilimtazama Madam aniokoe. Madam alikuwa akitabasamu. Alisema shule ingefurahi picha yake ikisaidia maendeleo ya taifa, na kwamba mwalimu wa Kiswahili angeisindikiza.

Siku chache baadaye Landrova ya afisa wa upimaji ikaja kutuchukua. Tuliifunga picha juu yake kwa kamba za mkonge. Kila tuliposimama njiani watu walisogea wakauliza mlango ule ni wa nyumba gani. Afisa alikuwa kijana aliyechoka, buti zake zimejaa udongo wa nusu ya wilaya. Njia nzima aliniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: kipimo cha ramani ile ni kipi?

"Haina kipimo," nikamwambia. "Si ramani."

"Basi tutakadiria," akasema.

Kamati ilikuwa ikitungoja kwenye mteremko, wazee wenye makoti na bakora, na nyuma yao nusu ya Birongo. Baba alisimama upande mmoja na ukoo wake, jirani upande mwingine na wake. Wanaume wawili waliishika picha iwe wima, upepo ukaipiga, ukawakokota wote wawili kuteremka mpaka wakazuiwa na migomba. Ilipotulia, mwenyekiti wa kamati akamwambia msichana aeleze.

Alikuwa amevaa sare ya shule, amepiga pasi. Akaeleza kwa Ekegusii, kwa utaratibu ule ule wa maswali yangu matatu.

"Nilianza kwenye kona ya juu."

"Kona ya juu ni wapi?" mwenyekiti akauliza. Hakungoja jibu. Akamtuma mzee mmoja wa kamati akasimame kwenye kona ya juu. Mzee akaondoka na bakora yake, akipanda polepole, nasi tukamsubiri mpaka akafika karibu na mti wa mwisho na kutupungia kofia.

"Endelea."

"Nikapaka kijani kila mahali."

Wazee wakaigeukia ardhi. Kweli, kila mahali palikuwa kijani. "Mtoto huyu hasemi uongo," mmoja akanong'ona.

"Halafu mvua ikanyesha kwa nguvu."

Hapo wakashauriana ni mvua ipi. Mmoja alikumbuka mvua ya zamani iliyong'oa mkonge uliopandwa mpakani, mwingine akasema hiyo ilikuwa mvua ya mawe. Wakakubaliana kwamba ni mvua.

"Tone likaanza kuteremka."

Wote wakaanza kuteremka. Kamati mbele, picha ikifuata imebebwa kama kitanda cha mgonjwa, afisa na wanaume wake wa mnyororo wa kupimia, ukoo wa huku, ukoo wa huko. Kutoka juu tukasikia sauti ya yule mzee akiuliza kama anaweza kushuka. Hakuna aliyemjibu.

"Likasimama," msichana akasema.

Tukasimama. Sasa kilitafutwa kile cheusi. Kichuguu cha jirani hakikuonekana mahali hapo, kilikuwa mbali kule chini. Lakini palikuwa na ng'ombe mweusi, amefungwa kwa kamba, anakula. Kamati ikamtazama ng'ombe. Ng'ombe akaitazama kamati. Mama mmoja akaja mbio akaomba radhi, akamfungua amwondoe.

"Usimguse!" baba akapiga kelele. "Ndiye alama!"

"Ng'ombe anakuwaje mpaka?" jirani akauliza. "Jana alikuwa mtoni!"

"Basi jana mpaka ulikuwa mtoni!"

Nilimwangalia msichana. Uso wake haukuwa na hofu wala aibu. Ulikuwa na subira ya mtu anayengoja gari lililochelewa. Nilitamani kusema kitu, lakini kila neno nililolijua la kuieleza sanaa lilikwisha kutumika vibaya.

Afisa wa upimaji ndiye aliyekata maneno. Alikuwa amepiga magoti mbele ya picha na rula yake. Akasimama, akapangusa suruali.

"Kwa maoni yangu," akasema, "mstari huu ni mnene mno kuwa mpaka. Katika ramani zetu mstari mwekundu mnene ni barabara."

Wazee wakaukaribia mstari wakautazama upya.

"Tena tumekuwa tukitafuta mahali pa kupitisha barabara ya malori ya chai," akaendelea, akiitazama picha kwa hamu mpya. "Ikiteremka hivi, itachukua kidogo kwa huyu na kidogo kwa huyu. Na hapa penye weusi naona nafasi ya kugeuzia lori."

Baba na jirani wakatazamana. Halafu jirani akakohoa.

"Afisa, mtoto amesema ni tone."

"Tangu asubuhi anasema ni tone," baba akasema. "Watu hawana masikio?"

"Lakini pareto ipo," afisa akasema, akigusa vile vyeupe.

"Pareto gani!" Jirani aliruka akasimama kando ya picha, mkono juu yake. "Hii ni chokaa. Binti yangu yuko shule hiyo hiyo, dari yao inaanguka. Chokaa ya dari, bwana!"

"Mvua ilipiga mabati," baba akaeleza, naye akasimama upande wa pili, "mtoto akashtuka. Wewe hujawahi kushtuka? Rangi ikadondoka. Akaifuata. Hakuwa na nia ya kwenda mahali."

"Hakuna mahali hapa," jirani akaongeza. "Angalia vizuri. Ukiigeuza hivi, si mahali. Ukiigeuza vile, pia si mahali."

"Hii picha si ya kitu."

"Si ya kitu chochote. Ni ya... Mwalimu, lile neno lako?"

"Dhahania," nikasema.

"Dhahania!" wakasema wote wawili, wakimtolea afisa macho.

Wiki nzima niliwafundisha wasichana, na hakuna hata mmoja aliyeieleza picha kwa moto ule. Walimweleza afisa ilipoanzia, ilivyokwenda na ilivyoishia. Chifu alipojaribu kuingilia, jirani alimwambia kwa upole kwamba mambo ya sanaa ni magumu, yanataka utulivu.

"Basi mpaka uko wapi?" afisa akauliza, akiwa amechoka kabisa.

Wakamwonyesha. Walikwenda pamoja, haraka haraka, mmoja akishika mwisho wa mnyororo na mwingine akiuvuta. Kwa kuwa yule mzee wa kamati alikuwa bado amesimama kule juu, ameegemea bakora, walianzia kwake, na kutoka kwake wakanyoosha mstari hadi mtoni. Kabla jua halijageuka, vijana wa koo zote mbili walikuwa wakichimba mashimo ya kupanda mkonge. Picha ikabaki imelala juu ya nyasi, kifudifudi.

Haikurudi shuleni. Landrova ilikuwa na safari nyingine, na hatukuweza kuibeba kwa miguu. Baba wa msichana aliifanya mlango wa zizi la ndama, na nilipopita Birongo miaka ya sabini niliiona, kijani chake kimepauka upande wa mvua. Madam alifuta somo la sanaa akaweka ushonaji. Msichana mwenyewe aliendelea na masomo, akawa muuguzi.

Lakini siku ile, kabla hatujaondoka, mama yake alituingiza jikoni. Kutwa nzima hakuna aliyekuwa amemuuliza neno, na alikuwa nyuma ya umati wakati wote. Wanaume walikuwa nje wakinywa chai kwa kelele. Alikuwa akisonga obokima, ugali wa wimbi, na mwiko ulikuwa haujaacha kuzunguka aliposema, bila kumwangalia bintiye, "Na hiyo rangi kwenye sketi?"

Nikaitazama sketi. Karibu na pindo palikuwa na alama nyekundu ambayo pasi haikuiondoa.

"Ni ile ile," msichana akasema. "Lilianza kudondokea hapa, halafu likaenda kwenye picha."

"Uliogopa?"

"Kidogo." Akakaa kwenye kigoda. Kisha akaanza kusema, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Alisema nyekundu ni nzito kuliko kijani, unaisikia mkononi. Alisema lilipoanza kwenda aliacha kusikia mvua, akaacha kusikia wenzake. Alitaka lisifike chini, kwa sababu likifika litakuwa limekwisha, na ndiyo maana alilipindisha kila alipoweza. Alipoweka weusi alijua amelidanganya.

Mama alikuwa amesimamisha mwiko. "Likafika?"

"Likafika."

"Ukasikia nini?"

Msichana akafikiri. "Nikasikia njaa," akasema.

Mama akapakua, akampa yeye kwanza kabla yangu mimi mgeni, jambo ambalo kwao halifanywi. Akanyoosha mkono nje ya mlango kusikia kama ni mvua, akatuambia tule upesi.